Wasomaji Wanauliza: Shule Imepunguza Vipindi, Mzazi Afanyeje?

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Mtwara na Lindi zinalia jambo moja: muda wa watoto kukaa darasani umepungua. Kuna shule zilizoingiza watoto kwa shifti, kuna zilizofupisha vipindi, na kuna zinazowaachia watoto kabla ya adhuhuri. Tumechagua barua saba. Majina ya shule tumeyaondoa.

SWALI: Shule ya mwanangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, ina vyumba viwili vilivyopasuka kuta, havitumiki. Darasa la tatu, la nne na la tano sasa wanaingia kwa shifti, wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana. Tumeambiwa vipindi ni sita vya nusu saa, na kwamba hakuna kitakachopotea kwa sababu siku ni zilezile tano. Roho yangu inakataa, ila hesabu ya kubishana sina. Mama wa watoto wawili.

Mama, roho yako haijakosea. Anayehesabu siku atakuzidi kwa maneno, kwa hiyo wewe hesabu dakika.

Kipindi cha kawaida kuanzia darasa la tatu ni dakika 40. Siku yenye vipindi vinane ina dakika 320 za masomo. Vipindi sita vya dakika 30 ni dakika 180, kwa hiyo kila siku zinakosekana 140. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha 140 kwa 194, utapata dakika 27,160. Zigawe kwa 320 za siku kamili: karibu siku 85. Mwanao atavaa sare siku 194 na kusoma siku 109.

Na hapo bado tumeihurumia shule. Kipindi kina muda wake unaoliwa hata kiwe kirefu au kifupi. Chukua Hisabati kwenye darasa la watoto 80. Mwalimu anaingia, watoto wanasimama na kusalimia, ubao unafutwa, vitabu vinagawiwa kimoja kwa watoto watatu au wanne, watoto wananakili tarehe na kichwa cha somo, mwishoni madaftari yanakusanywa. Hapo dakika 12 zimekwenda. Kwenye kipindi cha dakika 40 zinabaki 28 za kufundisha. Kwenye cha dakika 30 zinabaki 18. Kwenye ratiba kipindi kimepungua robo, ila ufundishaji wenyewe umepungua zaidi ya theluthi. Kinachokatwa kwanza huwa kilekile: mwalimu kupita dawati kwa dawati kusahihisha. Fungua daftari la mwanao uangalie. Ukiona kurasa nne mfululizo zina maswali na majibu bila alama ya wino mwekundu, mwalimu hana muda wa kusahihisha, na mtoto anarudia kosa lake mpaka linaota mizizi.

Ukienda shuleni, omba ratiba mbili, ya zamani na mpya, uziweke sambamba. Hesabu kwa kila somo: Hisabati ilikuwa vipindi vingapi kwa wiki, sasa vingapi? Kiswahili? Kiingereza? Shule iliyobanwa inaweza kupunguza masomo mengine ikalinda Hisabati na lugha. Ukikuta kila somo limekatwa sawasawa, jua ratiba imepunguzwa kwa rula, hakuna aliyekaa kuifikiria.

Swali la pili: shifti itakwisha lini? Kuingia kwa shifti si kosa. Chumba chenye ufa si mahali pa kumweka mtoto, na mwalimu mkuu aliyewatoa amefanya jambo la maana. Tatizo ni shifti isiyo na tarehe ya mwisho. Itake tarehe hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Swali la tatu ndilo wazazi wengi hawaliulizi: je, shifti ilikuwa lazima? Tuseme mikondo ni minane na vyumba vizima ni sita. Mikondo minane kwa vipindi vinane ni vipindi 64 kwa siku. Vyumba sita vinabeba 48. Vinabaki 16, yaani viwili kwa kila mkondo. Maana yake, kila mkondo ukisoma nje vipindi viwili tu kwa siku, shule nzima inaingia asubuhi na kutoka muda wake wa kawaida. Vya nje viwe vile visivyodai dawati: Sanaa na Michezo, kusoma kwa sauti, hesabu za kichwa, mazingira. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, ikatwe katikati na kupakwa rangi nyeusi ya ubao, inatoa mbao mbili za kuegemeza kwenye mwembe. Mpango huu huharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni mvua, ambayo kwetu hushika Desemba hadi Aprili, na dawa yake ni banda la makuti. La pili ni ratiba ya vyumba isiyobandikwa mlangoni: mikondo miwili inakutana kwenye chumba kimoja, na kipindi kinaishia kwenye mabishano.

Ikishindikana kabisa, basi angalau wadogo wasizungushwe. Darasa la tatu libaki asubuhi moja kwa moja, la tano lichukue mchana. Chini ya mabati yasiyo na dari, Novemba, saa saba mchana, mtoto wa miaka tisa hasomi. Anasubiri kengele.

Hoja hizi zipitie kamati ya shule kwanza. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake, lakini mwenyekiti ni mzazi kama wewe, naye anaweza kuomba kikao. Mkikwama, nendeni kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia idara ya elimu ya awali na msingi. Wathibiti ubora wa shule nao wana kazi ya kuangalia utekelezaji wa ratiba. Barua iwe ukurasa mmoja: ratiba ya zamani, ratiba mpya, tofauti ya dakika, na ombi lenu. Neno "walimu wavivu" likiingia humo, barua itajibiwa kwa neno hilo tu.

SWALI: Mjukuu wangu yuko darasa la pili hapa Kitangari. Siku hizi wanarudi mapema mno, saa nne na nusu wako nyumbani. Mimi kusoma sijui. Nimsaidieje? Bibi yake.

Bibi, shikamoo. Kutojua kusoma hakukuzuii kumpima mjukuu. Mwambie alete kitabu chake na kuweka kidole chini ya kila neno anapolitamka. Mdomo ukifika mwisho wa mstari na kidole kingali katikati, huyo amekariri. Kisha funika picha kwa kiganja, umwonyeshe neno lolote la katikati ya ukurasa. Anayesoma atalitamka. Aliyekariri atarudi mwanzo wa mstari, aimbe mpaka alifikie.

Mtengee nusu saa kila siku kabla giza halijaingia. Kibatari humuumiza macho na kumletea usingizi.

Dakika 10 za kwanza ni za silabi. Kata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiberiti, yeye mwenyewe aandike silabi moja kila kipande: ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, kisha ka, la, ta, sa, da na nduguze. Mwagia vipande sita mkekani, aunde maneno: kama, bata, kasa, tabasamu. Msikilize anavyotamka. Akisema "em, a, ma" anataja jina la herufi, na hapo ndipo wengi hunasa: "em" na "a" hazitoi "ma" kwenye sikio la mtoto. Mfundishe aanze na sauti yenyewe, mdomo umefumba, mmm, kisha afungue, a. Silabi za mb, nd, ng', ny na sh zisubiri mpaka hizi nyepesi azitamke bila kufikiri. Na kwa kuwa huko Newala watoto wengi hutoka nyumbani na Kimakonde, usishangae akichanganya r na l. Akiandika "kurara" badala ya "kulala", usimcheke. Mtamkie taratibu, arudie mara tatu, muendelee.

Dakika 10 za pili asome ukurasa uleule kwa siku tatu mfululizo. Jirani mwenye simu anaweza kumpimia dakika moja. Kufika mwisho wa darasa la pili, maneno kama 50 kwa dakika ni kiwango kizuri. Akisoma 15, anatumia nguvu zote kutamka, hapati nafasi ya kuelewa.

Dakika 10 za mwisho ni hesabu. Mwambie akate vijiti 30 vya urefu wa kidole, afunge mafungu ya kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Ishirini na tatu ni mafungu mawili na vijiti vitatu. Sasa mwambie atoe nane. Vijiti vitatu havitoshi, kwa hiyo lazima afungue fungu moja. Mtoto ambaye hajawahi kufungua fungu kwa mkono wake ataandika 25, kwa sababu ameona 8 ni kubwa kuliko 3, akageuza, nane toa tatu. Hilo ndilo kosa ambalo kipindi cha nusu saa hakina nafasi ya kuligundua. Wewe, Bibi, utaliona papo hapo kwa kuhesabu vijiti. Vinatakiwa 15.

SWALI: Huku Tandahimba msimu wa korosho umeanza na mwanangu wa darasa la tano amepangiwa shifti ya mchana. Mama yake anasema afadhali, asubuhi aende naye shambani. Kuna ubaya gani? Baba, Tandahimba.

Ubaya uko kwenye saa. Mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaokota na kuachanisha korosho na bibo mpaka saa nne au tano, anarudi, anaoga kama maji yapo, anakula kama kimeiva, anatembea kwenda shule. Anaingia darasani saa sita ameshafanya kazi ya mtu mzima. Kipindi cha kwanza anakikosa kwa kuchelewa, cha nne anasinzia. Ukichanganya na muda uliokwishakatwa na shifti, mwanao anabaki na vipindi vinne vya nusu saa kwa siku, sawa na vitatu vya kawaida.

Korosho inaweza kusubiri. Iliyodondoka chini ya mti uliopaliliwa haiharibiki kwa kulala pale tangu asubuhi hadi jioni. Inayoharibika ni inayoachwa siku nyingi kwenye majani au kunyeshewa. Kwa hiyo palilia uvungu wa mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, uokotaji uwe mwepesi. Mtoto asaidie Jumamosi, na siku za shule asizidi dakika 60 asubuhi, kisha apumzike na ale kabla ya kutoka. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14. Kumsaidia mzazi shambani si sawa na kumkodisha kwa jirani aokote kwa debe, na hilo la pili tunajua linafanyika.

Shule yenye shifti ya mchana wakati wa msimu ianze na uji, si kumalizia nao. Kwa watoto 100, unga kilo 5, maji lita 40, sukari kilo 2, kila mtoto anapata kikombe cha kama mililita 400. Wazazi wakichanga unga mara tu wanapolipwa korosho zao, kamati haitahangaika Februari mifuko ikiwa mitupu.

SWALI: Vipindi vimepunguzwa, halafu tumeambiwa kuna tuisheni ya jioni, shilingi 500 kwa siku. Asiyelipa anarudishwa nyumbani. Ni halali? Mzazi, Nachingwea.

Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango, hapana. Elimu ya msingi haina ada, na michango ni hiari inayokubaliwa na wazazi kwenye kikao, si tangazo la mstarini. Uliza jambo moja zaidi: jioni inafundishwa mada gani? Ikiwa ni ileile iliyokatwa asubuhi, mnauziwa kipindi chenu wenyewe.

SWALI: Nimesikia Marekani kuna wilaya wanasoma siku nne kwa wiki na watoto wanafaulu. Kwa nini sisi tulalamike? Msomaji, Lindi.

Ni kweli zipo. Shule zaidi ya 2,000 kwenye majimbo zaidi ya 20, nyingi za vijijini, husoma siku nne. Sababu kubwa ni kuvutia walimu na kupunguza gharama, ingawa fedha inayookolewa huwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Kinachoachwa kwenye simulizi ni kwamba wengi wao huongeza urefu wa zile siku nne. Jimbo la Missouri, kwa mfano, linadai angalau saa 1,044 za masomo kwa mwaka, zigawanywe siku nne au tano. Na tafiti za huko zinaonyesha madhara ni makubwa zaidi pale ambapo siku ilikatwa na saa hazikufidiwa. Hata hivyo wazazi wao hulalamika kama nyie: mtoto mdogo Ijumaa anabaki na nani, na atakula wapi.

Waliokata bila kufidia ni Hawaii. Mwaka 2009, serikali ya jimbo ilipoishiwa fedha, shule zilifungwa Ijumaa 17 za mwaka wa masomo. Wazazi walikwenda kukaa kwenye ofisi ya gavana, wakagoma kuondoka. Mwaka uliofuata mpango ukafutwa.

Sasa linganisha. Dakika zetu 320 kwa siku 194 ni kama saa 1,035 kwa mwaka, karibu sawa na Missouri. Shifti ya dakika 180 ni saa 582.

SWALI: Shifti ya mchana inagongana na chuo. Mwanangu ataacha madrasa? Na Ijumaa je? Mama, Kilwa Kivinje.

Ustadhi wengi watakubali kumhamishia asubuhi kwa wiki za mchana mkienda wazazi kadhaa pamoja, si mmoja mmoja. Ijumaa ni ngumu zaidi. Shifti inayoanza saa sita inaangukia sala ya Ijumaa, na pwani yetu hiyo ni kusema vipindi vitatu vya mwanzo havipo. Ombeni Ijumaa shifti zote mbili ziingie asubuhi, wale wa mchana wakasomee nje kama tulivyoeleza kwa mama wa Chikongola, au vipindi vile vifidiwe Jumatatu hadi Alhamisi kwa kuongeza dakika 25 kila siku. Vipindi vitatu vya nusu saa ni dakika 90. Mara nne 25 ni 100. Zinatosha na chenji inabaki.

SWALI: Binti yangu alianza darasa la tatu mwaka 2024. Naambiwa atamalizia darasa la sita. Kwa muda huu uliopunguzwa ataweza? Baba, Ruangwa.

Uliyoambiwa ni sahihi. Walioingia la tatu mwaka 2024 walianza mtaala mpya, na watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Makundi mawili yatagombea nafasi za kidato cha kwanza 2028. Binti yako hana ule mwaka wa saba wa kurekebishia mapengo, kwa hiyo wiki iliyopotea kwake ni ghali kuliko ilivyokuwa kwa kaka zake.

Usisubiri matokeo ndipo ujue. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukiwa na simu ya kugusa, fungua kitabu chake cha Hisabati ukurasa wa yaliyomo, uhesabu sura. Shule zikifungwa Juni, daftari lake linatakiwa liwe limefika karibu nusu ya sura hizo. Likiwa theluthi, nenda kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na daftari mkononi, umuulize sura zilizobaki zitaingia wiki zipi. Sura za mwisho ndizo hurukwa, na maswali yake hayarukwi kwenye mtihani. Vipimo na sehemu ndizo tungezitazama kwanza: debe, kilo na robo kilo mnazo nyumbani, na binti anayeweza kukuambia kilo mbili na robo za korosho ni gramu ngapi bila kushika kalamu, huyo bado yuko salama.